Wageni wa Machibya

Cha, cha, cha. Ungo ulianza kulia nje kabla hakujapambazuka, na waliolala ndani wakajua kwamba Bibi Selina ameshaamka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, miguu ameinyoosha, anapepeta dagaa kutoa mchanga. Hakuwasha taa. Kazi hiyo mikono yake iliijua bila msaada wa macho.

Josephat, mwanawe, alitoka amejifunga taulo kiunoni, mswaki mdomoni.

"Mama, si tuliongea jana? Leo tusianike dagaa."

"Marahaba," alisema Selina.

Josephat akatema povu pembeni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sianiki. Napepeta tu."

"Harufu ni ile ile. Wageni wa leo si wale wa kupiga picha na kuondoka. Wanakuja na marumaru, mama. Jiwe zima, limetoka Mwanza kwa feri."

"Harufu hii ndiyo iliyokununulia madaftari."

"Najua, mama."

"Basi usiitukane."

Wageni hao walikuwa wanalijia kaburi. Lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, kati ya migomba na yale mawe bapa ambayo Selina huanikia dagaa wake. Halikuwa na cha kutazama. Tuta la udongo limezungushiwa mawe, msalaba wa mbao umeliwa na mchwa ukaanguka, na ule wa saruji Josephat alikuwa anasema kila mwaka kwamba ataujenga mwakani. Ndani yake alilala Machibya, mume wa Selina, mvuvi wa dagaa. Mtaa mzima ulijua, na hapo Nansio kisiwani mtaa ukijua jambo, soko nalo limejua.

Lakini kulikuwa na kitabu cha kuongoza watalii, na kitabu hicho kilisema kwamba hapo amezikwa Mwalimu Luhende, yule mwandishi ambaye watoto wa nchi nzima wamesoma hadithi zake shuleni. Kilisema mengine pia. Kilisema kwamba nyumba hiyo ya bati lenye kutu ndiyo ambamo Mwalimu aliandikia vitabu vyake akitazama ziwa, ingawa Machibya aliijenga mwenyewe kwa pesa za dagaa, Mwalimu akiwa amekufa zamani. Banda la mbuzi kiliita chumba cha kusomea. Na Selina naye alikuwamo, kwa picha, amejifunga kanga ya kazini: mtumishi wa zamani wa mwandishi, bibi mcheshi anayelinda kaburi la bwana wake.

Siku Josephat alipomsomea maneno hayo, Selina aliuliza swali moja tu. "Mcheshi?"

Hakukasirika. Watu walitoka mbali, wakavua kofia, wakainamisha vichwa, wakasema pumzika kwa amani. Machibya alikuwa mtu wa kupenda wageni. Alipokufa, watu walijaa uani siku za matanga, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, na pale nyuma pakanyamaza. Selina aliona salamu haiwezi kumdhuru marehemu, hata ikija kwa jina lisilo lake. Josephat akanunua friji dogo la kupozea soda. Winnie, mkewe, akawa anapika chapati za wageni. Mambo yakaenda hivyo, na hakuna aliyeulizwa chochote.

Sasa Josephat alichutama karibu na mama yake, akamwangazia simu yenye mchoro.

"Ona. Hapa kaburi, litafunikwa lote. Hapa kichwani ndiyo marumaru yenye jina. Hapa mabenchi mawili ya saruji watu wakae. Halafu uzio wa chuma unazunguka."

"Hayo mabenchi yako upande gani?"

"Huu wa migomba."

Ungo ukanyamaza. Upande wa migomba ulikuwa wa Selina. Siku ya mazishi wachimba kaburi walimwuliza wachimbe katikati au pembeni, naye akawaonyesha kwa mguu: hapa, pembeni, huku muache. Hawakumwuliza sababu. Walielewa.

"Josephat, hapo ni pangu."

"Mama, jamani, asubuhi yote hii."

"Nikifa mtanilaza wapi?"

"Kuna nafasi kule juu, karibu na barabara. Pazuri tu, pana upepo."

"Nitalala na nani kule?"

 Josephat akazima simu, akaiwasha tena. "Mimi nimeshindwa kulijengea kaburi la baba," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua. Kila nikipata, shimo jingine linameza. Hawa wanajenga bure. Marumaru, mama! Nani mtaani hapa amelala chini ya marumaru?"

"Chini ya jina la mtu mwingine."

"Baba mwenyewe hakujua kusoma."

Alipomaliza kulisema, akainama akaanza kuokota dagaa walioanguka chini, mmoja mmoja, kama mtu aliyetumwa.  Winnie alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Alileta kikombe cha chai, akakiweka karibu na mguu wa mkwewe, kisha akavua kanga yake mwenyewe akamfunika mabegani, maana upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuuma.

*

Walifika jua limeshapanda, nyuma ya mkokoteni uliobeba jiwe. Jiwe lilikuwa limeviringishwa blanketi na kufungwa kamba kama mgonjwa. Fundi na vijana wake waliushika mkokoteni huku na huku usipinduke. Mbele yao alitangulia Chenge, mwenyekiti wa mtaa, amevaa koti la msibani. Jonathan, kijana aliyeandika kile kitabu, alikuja na mkoba mgongoni na kamera shingoni. Wa mwisho alikuwa Mama Jayshree, aliyevaa sari ya rangi ya majivu na raba miguuni.

"Shikamoo, Bibi!" Jonathan alimwamkia Selina kwa mikono miwili. Hakuwa kijana mbaya. Kila alipokuja alileta sukari, na leo pia aliileta. "Leo ndiyo siku kubwa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni."

"Asante. Bibi, naomba usogee kidogo hapo. Umesimama kwenye eneo la mwandishi."

Selina alitazama chini. Alikuwa amesimama pale pake, upande wa migomba. Akasogea.

"Sasa nichukue picha ya mwisho kabla ya ujenzi. Bibi, shika ufagio, kama unalifagia kaburi. Kama kawaida yako. Hivyo hivyo. Tabasamu kidogo."

Alishika ufagio. Alitabasamu. Josephat, aliyekuwa akipanga chupa za soda kwenye beseni la maji, aliangalia pembeni. Chenge alipita kwenye yale mawe bapa, akakunja pua, akamwambia Winnie kwa kunong'ona kulikosikika na wote, "Hamkuweza kusafisha hata kwa leo?"

"Yameoshwa na sabuni, mwenyekiti," Winnie alijibu. "Mawe yamezoea."

Mama Jayshree hakuingia kwenye picha. Alivua raba zake kando ya tuta, kama alivyofanya kila mara, akakaa chini kwenye udongo, mgongo umenyooka. Alikuwa mjane wa mwenye duka la vipuri vya mashine pale Nyakato, Mwanza. Mara ya kwanza alipokuja, alitoa kitabu cha Mwalimu Luhende kwenye mfuko wa plastiki, akasoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, analia na kusoma, anasoma na kulia. Selina alikuwa jikoni akisikia. Kesho yake aliporudi kusoma kabla ya kupanda feri, Selina alisogeza kigoda hadi mlangoni. Safari zilizofuata kigoda kilifika kando ya kaburi kabisa. Ndipo wakawa wanaongea. Mama Jayshree akawa anamletea hiliki, na dawa ya kuchua magoti, na siku moja miwani, ambayo ilimwonyesha Selina mchanga ulivyo mwingi kwenye dagaa wake.

Alimweleza kwamba Harish, mumewe, alijifunzia Kiswahili kwenye hadithi hizo, na kila jioni walipofunga duka alimsomea mkewe mpaka mmoja wao asinzie. Harish alipokufa walimchoma, kama ilivyo kwao, na majivu wakayatia ziwani.

"Ninyi mna pa kwenda, Bibi," alimwambia siku hiyo. "Mimi nina ziwa zima. Nikifika ufukweni sijui nitazame wapi."

Marumaru ilikuwa yake. Aliitoa kwa ajili ya Harish. Selina alilijua hilo. Kumkatalia Jonathan kulikuwa kwepesi, na kumkatalia Chenge kulikuwa kwepesi zaidi. Lakini mwanamke huyu hakuwa na kaburi la mumewe, na hata hili alilojipatia Selina ndiye angemnyang'anya.

Fundi alikunjua kamba ya kupimia. Akahesabu hatua upande wa migomba, akachukua kigingi, akakipiga nyundo. Udongo ulikuwa laini na kigingi kiliingia vizuri. Kikasimama pale ambapo, kwa hesabu za Selina, kingekuwa kichwa chake.

"Mama Jayshree," aliita. "Njoo jikoni mara moja."

*

Jiko lilikuwa na moshi kidogo. Selina alimfutia mgeni wake kigoda kwa upindo wa kanga, mwenyewe akakaa juu ya gunia la mkaa.

"Kuna nini, Bibi? Magoti yamerudi?"

"Huyo aliyelala pale si Mwalimu Luhende."

Mama Jayshree alimtazama.

"Ni mume wangu," Selina alisema. "Machibya. Nyumba hii aliijenga yeye. Mwalimu alipanga chumba mtaa huu zamani, alipokuwa akifundisha, hilo ni kweli. Lakini alipokufa ndugu zake walikuja wakambeba, wakampakia kwenye meli wakamzika kwao, Buhongwa, kule Mwanza. Mimi nilikuwa mke mpya. Niliwapikia uji wale waliomchukua."

Sufuria ilikuwa inachemka. Mama Jayshree alinyoosha mkono akaisogeza isimwagike, kwa kuwa ilikuwa karibu naye, kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia."

"Siku ya kwanza. Na siku ya pili?"

"Siku ya pili ulikuwa unasoma," Selina alisema. "Ulikuwa umefika pale yule binti amefungiwa ghalani. Nilitaka kujua kama atatoka."

Mama Jayshree alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika, na Selina hakuweza kujua ni kilio au ni kicheko. Alingoja. Nje nyundo ilipiga kigingi cha pili.

"Kwa hiyo nilikuwa namsomea nani, Bibi? Mimi, mtu mzima, natoka Mwanza na feri, nimemsomea nani?"

"Machibya. Hakujua kusoma hata jina lake. Lakini hadithi alizipenda kuliko ugali. Alikuwa akitoka ziwani asubuhi, nguo zinachuruzika maji, anasimama dirishani kwa jirani mwenye redio. Ikiwa ni hadithi, haondoki. Namwita, chakula kinapoa, ananipungia mkono ninyamaze."

"Hakuchoshwa basi."

"Machibya? Angekuomba urudie."

Sasa ilikuwa wazi kwamba anacheka, ingawa machozi yalikuwa yanashuka. Aliyafuta kwa upindo wa sari. Kisha kicheko kikakatika kama kilivyokuja.

"Jina limeshachongwa," alisema. "La Mwalimu. Na chini yake, kwa herufi ndogo, la Harish. Niliwaambia wachonge yote mawili."

"Najua, mama. Pole."

"Nilifikiri wangekaa pamoja."

Selina alimshika mkono. Mikono yao ilikuwa haifanani hata kidogo, mmoja umekauka kwa chumvi na jua, mwingine una pete iliyolegea kidoleni. Wakakaa hivyo. 

"Na wewe unataka nini, Bibi Selina?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo, wala aliyeandika kitabu, wala mwenyekiti, wala mwanawe wa kumzaa. 

"Nataka kile kigingi king'olewe. Pale ndipo nitakapolala."

*

Jonathan alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akafungua kitabu chake kwenye ukurasa wenye picha ya Selina.

"Bibi, nadhani kuna kuchanganya mambo kidogo. Mimi nilifanya utafiti. Nilikuja mwenyewe hapa hapa."

"Umri nao," Chenge alisaidia. "Mzee akifika umri fulani, kumbukumbu zinaingiliana. Tusimlaumu."

Selina alimgeukia. "Chenge."

"Naam, shemeji."

"Siku ya kumzika Machibya, wewe ulishika jeneza upande gani?"

Chenge alifungua vifungo vya koti, akavifunga. Fundi aliacha nyundo. Jirani mmoja aliyekuwa akichungulia juu ya ua alijifanya anatafuta kuku.

"Upande wa miguu," Chenge alisema hatimaye.

"Mlilitua wapi?"

"Hapo."

"Na ulilia?"

"Nililia, shemeji. Machibya tulivua naye mtumbwi mmoja." Alivua kofia. "Lakini tazama na huku. Mtaa wetu umeingia kitabuni. Watu wanauliza njia, wanalala kwenye nyumba zetu za wageni, wananunua hata hao dagaa wako. Nikasema moyoni, jamani, anaumia nani?"

"Naumia mimi."

 Jonathan alikuwa amesimama na kidole katikati ya kurasa, anamwangalia mmoja hadi mwingine.

"Lakini niliuliza," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea shuleni. "Safari yangu ya kwanza kabisa nilimwuliza mtu wa nyumba hii. Kulikuwa na dada hapo anaosha vyombo. Nikamwuliza, dada, hili ni kaburi la nani, ni la Mwalimu Luhende? Akapiga magoti, akainama, akafunika mdomo kwa kanga. Hakuweza kusema hata neno. Nikaona ameguswa sana."

Wote wakamtazama Winnie.

"Ni mimi," Winnie alisema. "Nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"We kaka, uliniuliza la nani. Ni la baba mkwe. Kwetu sisi baba mkwe hatajwi jina na mke wa mwanawe, awe hai, awe amekufa. Nikutajie vipi? Mdomo ungepinda."

"Ungesema tu si la Mwalimu."

"Ungeniuliza, la nani basi."

"Ungemwita mtu mwingine aseme!"

"Nilikwenda. Mume wangu alikuwa ziwani, mama alikuwa sokoni. Nikakimbia kwa jirani kumwomba aje akutajie. Tuliporudi ulishaondoka. Umeacha biskuti juu ya jiwe."

Jonathan alitazama ukurasa wake, akasoma polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya adui. "Familia ingali na majonzi makubwa kiasi cha kushindwa kusema."

Fundi ndiye aliyeanza. Aligeukia migomba, lakini mgongo ulimsaliti, na vijana wake wakamfuata, kisha jirani wa kuku, kisha Chenge mwenyewe. Winnie alifunika mdomo kwa kanga vile vile kama siku ile. Hata Jonathan alicheka mwishoni, masikio yamewaka.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Toleo lijalo nitarekebisha."

"Na hili?" Josephat aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wageni wafike.

"Hili limeshauzwa. Liko mikononi mwa watu."

"Kwa hiyo watazidi kuja."

"Watazidi kuja kwa muda."

"Na sisi tuwaambie nini? Tuwauzie soda halafu tuwaambie mmekosea njia?"

 Josephat alilitazama lile jiwe ndani ya blanketi lake, muda mrefu, kama anavyotazama mtu basi lililomwacha. Kisha alikwenda upande wa migomba. Kigingi kiligoma, kilikuwa kimezama, ikabidi apige goti na kukitikisa kwa mikono yote miwili huku na huku. Kilipotoka alikirudishia shimo lake udongo, akaushindilia kwa kiganja. Akaenda na kwenye kile cha pili.

"Mwakani," alimwambia mama yake, bila kumtazama.

"Sijakuuliza, baba," Selina alisema.

Jonathan alitoa kalamu. "Bibi, nitajie jina la mzee kamili. Machibya nani? Niliandike lilivyo."

Selina aliwaza. Aliwaona wageni wakija kumtafuta mvuvi wa dagaa, wakipigiana picha, wakimwambia Winnie asogee.

"Mwache," alisema. "Wanaomjua wanamjua."

*

Chakula kililiwa, maana kilikuwa kimepikwa. Fundi alikula mara mbili. Jiwe lilirudishwa kwenye mkokoteni, na Josephat, ambaye hakuombwa, aliusukuma kwa nyuma hadi gatini, na alipotokea mtaro aliwapigia kelele vijana wainue taratibu lisipasuke. Mama Jayshree alikuwa amesema atakwenda nalo Buhongwa, awatafute ndugu za Mwalimu, awaombe. Huenda wakakubali. Huenda pale pameshajengwa nyumba na hakuna kaburi tena. Hakujua. Alilisema bila manung'uniko, anafunga kamba za raba.

Selina alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amemfungia ndizi mbivu kwenye gazeti, kwa sababu kwao Mama Jayshree samaki haliwi, na mkono mtupu usingewezekana. Walitembea polepole kwa ajili ya magoti. Jonathan na Chenge walikuwa wametangulia, bado wanabishana kuhusu banda la mbuzi.

Safari nyingine zote, walipofika hapo kwenye kona, Mama Jayshree alisema, haya Bibi, nitakuja tena. Leo alisema, "Asante kwa chakula. Asante kwa kunieleza."

"Si kitu."

"Nisingependa kusikia kwa mwingine."

"Ndiyo maana."

Wakasimama. Pikipiki ilipita, ikawapigia honi, wakasogea kando pamoja.

"Buhongwa utakwenda lini?"

"Jumapili. Nikipapata nitakaa kidogo, nisome kurasa mbili tatu. Ni haki yake, si ndiyo?"

"Ni haki yake."

Mama Jayshree alimbusu kwenye kiganja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akalichukua furushi la ndizi, akaanza kushuka. Alikuwa na mwendo wa mtu aliyemaliza shughuli mahali fulani. Selina alimwona mgongo, akaona sari inavyopeperuka, akaona kwamba mwanamke huyo hana tena sababu ya kupanda feri kuja kisiwani.

"Mama Jayshree!"

Aligeuka. "Naam, Bibi?"

"Ukishamaliza huko, uje na huku."

Mama Jayshree alikinga jua kwa mkono. "Kwa Machibya?"

"Machibya amesikia ya kutosha," alisema Selina. "Njoo kwangu mimi, bado nipo mwenyewe wa kukufungulia mlango."